Namna ya Kupiga Ndege Picha kwa Lenzi Fupi na Kusifiwa Kama Mwenye Ndefu

Unataka ndege ajae kwenye picha, manyoya yahesabike, jicho ling'ae, na watu waandike "aisee!" chini yake. Hamu hiyo ni halali kabisa. Hakuna anayempiga ndege picha ili akaifungie kabatini. Kinachokukatisha tamaa ni maneno uliyoambiwa, kwamba bila lenzi ya milimita 600 hufiki popote. Lenzi ya 600 wanayoiota wengi, ile ya Canon ya f/4 iliyotoka mwaka 2018, ilianza kuuzwa kwa karibu dola 13,000, na ina uzito wa kilo tatu.

Tutapita uchochoroni. Yote nitakayokuelekeza ni ujanja wa kuziba pengo la milimita, na ujanja huo unafanya kazi. Tutaudanganya umbali na tutayadanganya macho ya watazamaji. Ndege mwenyewe hatumgusi.

1. Piga hesabu kabla ya kuingia dukani

Hesabu ni nyepesi na muuzaji hatakufanyia. Chukua urefu wa ndege kwa milimita, zidisha kwa milimita za lenzi, kisha gawanya kwa umbali, nao kwa milimita. Jibu ni ukubwa wa ndege atakavyoangukia kwenye sensa ya kamera.

Mchukue mdiria mdogo wa buluu, yule wa matete ya kando ya ziwa. Ana sentimita 13 hivi. Akiwa mita 10 kutoka kwako, lenzi ya 400 inamweka kwenye sensa akiwa na milimita 5 na ushei. Kamera ya bei ya wastani ina sensa yenye upana wa milimita 23 hivi, kwa hiyo mdiria wako hajafika hata robo ya picha. Sasa sogea hadi mita 5. Anapita milimita 10, karibu nusu ya upana. Ukitaka matokeo hayohayo bila kusogea, unahitaji lenzi ya 800.

Soma tena hapo. Mita 5 za kusogea zina thamani ya milimita 400 za lenzi, na mita hazilipiwi ushuru bandarini. Kuanzia sasa, kila unapotamani lenzi ndefu zaidi, jiulize kwanza mita zako utazipata wapi.

2. Ichukue zawadi ya sensa ndogo

Kama kamera yako ni ya kawaida, sensa yake ni ndogo kuliko ile ya kamera kubwa za wataalamu. Wenye Nikon na Sony za aina hiyo huzidisha milimita za lenzi kwa 1.5, wenye Canon kwa 1.6, na wenye Olympus au Panasonic za sensa ndogo zaidi huzidisha kwa 2. Lenzi yako ya 300 kwenye Nikon ndogo inaonyesha eneo ambalo kamera kubwa ingelionyesha kwa lenzi ya 450. Ndege hakuongezeka hata unyoya mmoja. Sensa imekata kingo, basi. Lakini mtazamaji hazioni kingo zilizokatwa, na wapiga picha wote hutaja namba iliyokwisha kuzidishwa. Taja na wewe.

3. Mchague ndege mkubwa, mzito na asiye na haraka

Wanaoanza huwakimbilia wadogo: chozi, keremkerem, shorewanda. Kisha hurudi nyumbani na vitone vya rangi kwenye majani, wakailaumu lenzi. Anza na ndege wanaofanya nusu ya kazi kwa niaba yako.

Marabu, yule korongo mwenye kipara na mfuko shingoni, anasimama karibu na watu Nairobi na Kampala bila kujali. Mwende asubuhi, jua likiwa limelala, upate ngozi ya shingo yake kwa undani unaotisha. Hapo 200 inatosha. Wengi humpita kwa sababu anakula jalalani, nao wanakosa mojawapo ya nyuso za ajabu kuliko zote Afrika Mashariki. Picha ya marabu iliyokaribiwa vizuri hupata "aisee" nyingi kuliko ya chozi aliye mbali.

Furukombe wa Naivasha ni mwalimu mwingine. Maji ya ziwa yalipopanda, migunga ya ukingoni ilizama ikafa, na furukombe hukaa juu ya miti hiyo mikavu, wazi kabisa, bila jani la kumziba. Wamezoea boti. Mabawa yake yakinyooka hufika mita 2. Fanya tena ile hesabu yetu: akiruka mita 20 kutoka kwenye boti, lenzi ya 400 inayapa mabawa hayo milimita 40, wakati sensa ya kamera kubwa ina upana wa 36 tu. Umemkata mabawa! Mwenye 600 anayahangaikia maji na anga asijue ndege kapitia wapi, na wewe mwenye 200 kwenye sensa ndogo unamkamata mzima mzima. Siku hiyo lenzi fupi ndiyo bora, na hilo liseme kwa sauti ndani ya boti.

Na kama una nauli, nenda Mabamba, kinamasi cha Ziwa Victoria kilicho karibu na Entebbe, ukamtafute korongo-nyangumi. Ana kimo cha mita moja na robo hivi, na huweza kusimama palepale kwa muda mrefu mno akimngoja kambaremamba ajitokeze. Unafikishwa kwa mtumbwi. Mita 20, lenzi ya 300, geuza kamera isimame wima, na ndege anajaa kutoka kucha hadi kishungi. Huyu ni ndege ambaye watu huvuka mabahari kumwona, naye anakungoja wewe na lenzi yako ya mtumba.

4. Fanya gari liwe kibanda chako

Ndege wengi wa mbugani humkimbia mtu aliye kwa miguu, lakini gari wanalivumilia. Umbo la binadamu ndilo linalowatisha. Kwa hiyo usishuke, usisimame juu ya kiti ukipunga mikono, na usivae shati jeupe.

Kabla ya yote, malizana na dereva usiku uliotangulia. Mwambie: "Kaka, kesho sitaki simba. Nataka ndege, na nataka tusimame sana." Usipomwambia, redio italia kwamba chui ameonekana mtini, na utapitishwa mbele ya tandawala aliye mita 8 kutoka barabarani kwa mwendo wa kuchana vumbi. Dereva akikuelewa, umepata kifaa kinachoshinda lenzi yoyote, kwa sababu yeye ndiye anayeziendesha zile mita tulizozihesabu. Bakshishi yake ipange mapema kwenye bajeti, sehemu ileile ulikoandika "lenzi".

Mfike ndege kwa mshazari, polepole, kwa vipande vifupi. Songa, simama, mpe muda arudi kwenye shughuli zake, songa tena. Akinyoosha shingo na kuacha kula, umefika mwisho wako. Zima injini, maana mtetemo wake hupanda hadi kwenye lenzi na kuifanya picha nzima ionekane kama imepakwa mafuta. Waombe na wenzako ndani ya gari watulie. Mtu mmoja akiegemea mlango tu, unaiona kwenye picha.

Sasa mfuko. Shona kifuko cha turubai au jinzi chakavu, kibebe kitupu, ukijaze mchele au maharage kwenye duka la mwisho kabla ya geti. Kilaze juu ya dirisha lililoshushwa nusu na uzamishe lenzi ndani yake. Hakuna stendi ya miguu mitatu inayofaa ndani ya gari kuliko hicho, na siku ya mwisho mnapika. Kwa mkono mtupu, kanuni ya zamani inataka kasi ya shata isipungue moja chini ya milimita zako: lenzi ya 400, angalau 1/400, na kwa sensa ndogo 1/640. Ukiwa na kifuko na ndege aliyetulia, unashuka chini ya hapo na picha inabaki imekaza. Ndege akiruka, sahau kifuko, panda hadi 1/2000.

Usitoke nje ya njia ya gari ili upate mita mbili zaidi. Serengeti na Ngorongoro hilo ni kosa, dereva wako ndiye anayeweza kupigwa faini, na kwenye majani yale kuna viota vya ndege wanaotaga chini.

5. Kaa mahali ambapo ndege atarudi

Kumfuata ndege ni kazi ya vijana. Mjanja huketi.

Kambu mwenye kifua cha zambarau ana tabia itakayokuokoa: huchagua tawi kavu au nguzo, huruka kumdaka mdudu, kisha mara nyingi hurudi palepale. Akiondoka usimfukuzie. Lenga tawi tupu, rekebisha mwanga, weka kidole, ngoja. Keremkerem hufanya vivyo hivyo, na mdiria pia ana vijiti vyake anavyovipenda juu ya maji. Wenzako watakuwa wanazungusha lenzi zao ndefu angani wakati ndege anakuja kutua kwako mwenyewe.

Kwa chozi, keti karibu na ua. Mshubiri ukichanua, machozi huja tangu asubuhi, nao wakizoea kuwa hujongei watakunywa nekta mita 3 kutoka puani pako. Hapa lenzi ndefu nyingine zinashindwa kabisa: Canon ya 800 f/11 haiwezi kulenga kitu kilicho chini ya mita 6. Mwenye nayo lazima arudi nyuma hadi sebuleni.

Na mahali ambapo huwezi kukaa ukabahatisha, mtafute mtu anayejua. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, kuna bundi mdogo wa sentimita 16 hivi anayelala mchana ndani ya kichaka, rangi yake na ya majani makavu ni moja. Unaweza kupita mbele yake wiki nzima na lenzi ya bei ya nyumba usimwone. Mwongozaji wa pale anajua alipolala. Atakuonyesha, na kutoka mita 4 lenzi ya 300 inamfanya ajaze nusu ya picha. Pesa ya mwongozaji ni milimita pia.

6. Palipo na mpaka

Uchochoro unaishia hapa, na hapa sicheki. Usipige sauti ya ndege kwenye simu ili aje. Anakuja kwa sababu anadhani mpinzani ameingia kwenye eneo lake, anaacha kula, anaacha kulalia mayai, na msituni wewe si mgeni wa kwanza wala wa mwisho kufanya hivyo wiki hiyo. Usikate majani yanayoziba kiota. Jani lile ndilo linalomficha kinda asionwe na mwewe wala kuchomwa na jua. Naivasha, mwenye boti anaweza kukuuliza kama unataka arushe samaki ili furukombe ashuke. Mjibu kwa adabu, "Ahsante mzee, tumngoje avue mwenyewe." Umelipia saa nzima ya boti, furukombe huvua bila kuombwa, na picha ya ndege aliyechagua mwenyewe wakati wa kushuka haina samaki aliyekwisha kufa kwenye kucha zake. Watazamaji wenye macho wanaitambua tofauti hiyo.

7. Amka

Kuanzia saa nne asubuhi ardhi imeshika joto na hewa juu yake inaanza kuchemka. Ndege aliye mita 80 ng'ambo ya uwanda anatetemeka kama sanamu ndani ya maji, na lenzi ndefu inakuza mtetemeko huo pamoja naye. Hakuna kifaa cha kuuponya. Ndiyo maana wenye lenzi za bei mbaya hurudi na picha laini za mchana na kulipeleka kosa kwa fundi. Wewe uwe kazini saa kumi na mbili na nusu, hewa ikiwa baridi na mwanga ukija ubavuni. Kufikia saa nne umekwisha kunywa chai.

8. Kata picha bila haya

Huu ndio ujanja mkubwa, na karibu kila picha ya ndege unayoistaajabia imepita hapa.

Kamera yenye megapikseli 24 ikikatwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu, zinabaki megapikseli 6. Ndege kwenye picha ameongezeka mara mbili. Kwa maneno mengine, 300 yako kwenye sensa ndogo ilishaitwa 450, na sasa inaitwa 900, wala hujatoa shilingi. Je, megapikseli 6 zinatosha? Kioo cha televisheni ya kawaida ya HD kina pikseli milioni 2. Simu ya shangazi yako anayesubiri picha kwenye WhatsApp haitajua kitu. Hata kuchapa unachapa: pikseli 3,000 kwa 2,000 zinatoa picha safi ya sentimita 25 kwa 17, na hiyo inaning'inia ukutani vizuri.

Ila kukata kunakuza kila kitu, na kasoro hazibaki nyuma. Jicho la ndege lisipokuwa limekaza, ukikata unakuza ukungu. Kwa hiyo weka nukta ya fokasi juu ya jicho, piga nyingi mfululizo, kisha usiku kaa chini, chagua moja, futa zilizobaki. Sifa yako yote inajengwa kwenye kufuta. Anayeonyesha picha moja kali ya furukombe anaitwa bingwa. Anayeonyesha ishirini, tisa zikiwa za mkia, anaulizwa lenzi yake ina tatizo gani.

9. Telekonvata: pita mbali

Ni kipande kidogo kinachokaa kati ya kamera na lenzi, na muuzaji atakiita njia ya mkato. Cha 1.4 kinakula nusu ya mwanga, cha 2 kinakubakishia robo. Zumu yako ya 400 f/5.6 inakuwa 800 f/11, na kamera nyingi za zamani hapo zinaacha kabisa kulenga zenyewe. Kwenye lenzi ghali ya f/2.8 au f/4 ni kifaa chema sana. Kwenye zumu ya bei nafuu, kata picha tu. Utapata karibu kilekile na fokasi itabaki na wewe.

10. Kodi kiburi

Bado unaitamani ile 600 kubwa nyeupe. Najua. Nairobi kuna maduka ya kukodisha lenzi kwa siku, kwa hiyo ikodi wikiendi moja, ibebe, mwombe mwenzako akupige picha ukiwa nayo begani jua likizama, uiweke kila mahali. Hamu itapoa, na mkono utakuwa umekuambia ukweli kuhusu kilo tatu. Halafu jaribu kumtafuta ndege arukaye kwa lenzi ya 600: inaona nyuzi 4 hivi tu za anga, ufa mwembamba sana. Wenye zumu huanza na 200, wakampata, ndipo wakavuta.

11. Sasa nunua

Ukiwa umeyafanya hayo yote na bado unataka namba, namba yako ni 400. Inatosha kwa gari, kwa boti, kwa bustani na kwa ujanja wa kukata. Ukitafuta ya mtumba, kuna Canon 400 f/5.6 ya tangu 1993: kilo moja na robo, haina kituliza mtikisiko, lakini kifuko chako cha mchele ndicho kituliza mtikisiko. Ukiwa na mfumo mpya wa Canon, ile 100-400 ya mwaka 2021 ina gramu 635, unaitia mkobani na vitumbua.

Kama wewe ni mtu wa maziwa ya magadi na ndege wa matope, ambako heroe wako mbali na huwezi kuwasogelea, panda hadi 500 au 600 za zumu: Nikon 200-500 ya 2015, Sony 200-600 ya 2019, au zile 150-600 za Sigma na Tamron, ambazo mtumba wake haukosekani. Zote hizo ni za zaidi ya kilo moja na nusu, na nyingine zimepita mbili, basi kifuko kiwe kikubwa. Na kama wewe ni mtu wa misitu kama Amani kule Usambara, fanya kinyume, shuka. Chini ya mwavuli wa miti kuna giza, ndege wako karibu, na lenzi ya 300 f/4 itakupa picha ambapo 800 f/11 itakupa punje tupu.

Kabla hujatoa hela, omba kutoka nayo nje ya duka. Mtafute kunguru juu ya waya au mwewe anayezunguka jaa, inua lenzi, mkamate. Jaribu mara kadhaa, muuzaji akikuangalia. Ukishindwa kumweka ndani ya fremu, mrudishie muuzaji lenzi yake na umwombe iliyo fupi kuliko hiyo.